Benchi Lisilo na Mgongo

Vijana wa karakana mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa zamani, kwa sababu mnadhani nikikaa nyumbani nitasahau. Nawaambia mapema kwamba habari za mshahara sitaziandika, maana zingejaa mstari mmoja tu, na mstari huo ungewahuzunisha. Vyeo navyo ni hivyo hivyo. Niliingia fundi, nimetoka fundi. Nitaandika juu ya benchi moja, lile la nyuma kanisani ambalo kila Jumapili mnaligombania bila kujua lilitengenezewa watu gani.

Nilizaliwa upande wa Chwele, wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba na mama walikufa msimu mmoja wa mvua, wakifuatana kama watu wanaoitana. Siku zile tuliingia shule tukiwa wakubwa; nilikuwa darasa la pili, na ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuelewa kugawanya. Siku ya tatu baada ya kumzika mama nilimrudishia mwalimu kibao chake cha kuandikia.

"Barasa, unaenda wapi?"

"Kutafuta chakula, mwalimu."

"Na hesabu ya kugawanya?"

Nikamwambia nyumbani hakuna kitu cha kugawanya. Sikuwa nafanya mzaha, lakini mwalimu alicheka, kisha akageuka akajipangusa uso kwa muda mrefu.

Dada yangu aliyenifuata, Nasimiyu, alibaki na wadogo wawili. Alikuwa na miaka kama kumi na mitatu. Kabla mwaka haujaisha wale wadogo walikuwa wanamwita mayi, yaani mama, naye alikuwa anawachapa kama mama. Mimi nilitembea kwa miguu hadi Kitale.

Reli ilikuwa imefika Kitale juzi juzi tu, na kila mzungu mwenye shamba alitaka milango, vitanda na mabanda ya mahindi kwa wakati mmoja. Karibu na msikiti kulikuwa na seremala aliyekuja na reli kutoka pwani, Fundi Salimu, mtu mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti hata nyundo ikimwangukia mguuni. Siku yangu ya kwanza alinipa debe la misumari iliyopinda, akaniambia niinyooshe. Niliinyoosha siku sita. Siku ya saba nikamwuliza nitashika randa lini.

"Umemaliza misumari?"

"Nimemaliza, fundi."

Akaingia ndani, akatoka na debe la pili.

Ndivyo nilivyojifunza. Kila nilipokata ubao ovyo hakunikemea. Alinipa debe tu. Alinifundisha kuchemsha gundi bila kuiunguza, kuunganisha kwa ulimi na tundu badala ya kutegemea misumari, na kutofanya kazi kwa mbao mbichi hata mteja akilia. Juu ya mabenchi alikuwa na sheria moja: "Vifundo vya mbao viangalie chini. Mtu amekuja kukaa, hakuja kuteswa."

Mwaka wa pili mfanyabiashara wa mahindi aliniletea mzigo kutoka nyumbani, umefungwa kwa gunia. Ndani mlikuwa na msumeno mpya. Nasimiyu alikuwa ameagiza maneno pia: fundi haazimi meno ya mwenzake. Fundi Salimu aliugeuza ule msumeno juani.

"Dada yako anafanya kazi gani?"

"Analima."

"Analima nini? Dhahabu?"

Sikumjibu, kwa sababu sikuwa nimeuliza, na sikuwa nimeuliza kwa sababu nilitaka msumeno.

Baada ya miaka kadhaa misheni ya upande wa Bungoma ilihitaji fundi, nikarudi karibu na nyumbani. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mabenchi ya mbele ya kanisa. Askofu alikuwa anakuja kulifungua, mbao za podo zilikuwa bado mbichi, na wote walikuwa wananihimiza. Nilifanya jambo ambalo Fundi Salimu alinikataza. Mabenchi yale yalikauka yakiwa yamekaliwa, yakapinda, na vifundo vikachomoza kama magoti ya mbuzi. Waumini walivumilia wakidhani ni sehemu ya ibada.

Kanisa letu lilikuwa na utaratibu ambao ninyi hamkuuona. Mtu akianguka katika pombe, au akioa mke wa pili, alitengwa. Hakuikaribia Meza ya Bwana, na alikaa nyuma kabisa mpaka atubu. Kutubu hakukuwa kunong'ona. Ulisimama mbele ya wote ukalitaja kosa lako, na kama ulikuwa umemdhulumu mtu, mtu huyo alisimama akakupa mkono. Ukishapewa mkono, ulihamia mbele. Bila mkono, ulirudi ulikotoka. Aliyesimamia mambo haya alikuwa mzee wa kanisa aitwaye Filemona, ambaye alikuwa na daftari la watengwa na alilibeba kama mtoto mchanga.

Siku moja Mzee Filemona alikuja karakana.

"Fundi, watengwa wanakaa chini. Haipendezi. Tengeneza benchi la watu sita. Lisiwe na mgongo, wasije wakasinzia. Na usilipige randa sana, wasije wakapazoea."

Nilikuwa kijana mwenye msimamo mkali. Sikuwa nimeonja pombe maishani mwangu, na niliona ni haki kabisa kwamba mwenye dhambi ajue amekalia nini. Nikaukata ubao kwa ule msumeno wangu, nikaupigilia vifundo vikiangalia juu. Nikalikalia kulijaribu, nikainuka haraka, nikaridhika.

Jumapili iliyofuata Mzee Filemona alifungua daftari akasoma: "Nasimiyu, kwa kosa la kupika busaa nyumbani kwake."

Dada yangu aliinuka kutoka upande wa wanawake, akapita katikati ya kanisa zima na kitambaa chake cheupe kichwani, akaenda akaketi juu ya vifundo vyangu.

Asiyeijua busaa aelewe hivi: ni uji wa mahindi na wimbi uliochachushwa, unaowekwa katika chungu kikubwa, wazee wakakizunguka na mirija mirefu, na mwanamke mwenye nyumba akawa anaongeza maji ya moto kadiri wanavyonywa. Kila mzee ana mrija wake, wenye alama yake, na hawezi kuazima wa mwenzake. Kwa busaa hiyo Nasimiyu alikuwa amewalisha wadogo zetu na kuwasomesha. Mmoja ni mwalimu leo, mwingine ni dresa, wa kufunga vidonda hospitalini. Msumeno wangu nao, sasa nikajua, haukutokana na mahindi. Mzee Filemona alijuaje kwamba nyumba ile ilikuwa na chungu? Siku hiyo sikujiuliza.

Jumamosi iliyofuata niliingia kanisani peke yangu na zana. Nikaung'oa ule ubao, nikaugeuza vifundo viangalie chini, nikaupiga randa. Jumamosi nyingine nikapitisha msasa. Nyingine nikaviringisha kingo zisikate mapaja. Nililiwekea miguu mipya, ulimi na tundu, gundi ya kuchemsha. Vijana, mkiagizwa benchi la wenye dhambi, anzeni na randa, maana hamjui atakayelikalia. Mimi nilijifunza kwa kuchelewa.

Ubaya ni kwamba nilizidisha. Benchi likawa laini kuliko yote kanisani, na habari ikaenea. Akina mama wenye maumivu ya nyonga wakaanza kulikalia. Mzee Filemona alisimama pale kila Jumapili akiwafukuza wenye haki.

"Mama, toka hapo! Wewe hujatenda dhambi!"

"Mwanangu," bibi mmoja alimjibu bila kuinuka, "wewe unajua nini?"

Aliyelitumia benchi lile kuliko wote baada ya dada yangu alikuwa Papa Makokha, papa kwetu ni baba. Huyu katika ujana wake aliiba fahali wa mzungu mmoja upande wa Kachibora, akampaka chokaa kwenye paji la uso, akamrudishia mzungu yule yule kwa kumuuzia. Alifungwa Kitale, akatoka, akabatizwa, akaanza kunywa. Karibu kila mwaka baada ya mavuno alitubu, na hakuna aliyetubu kwa ufundi kama yeye. Alilia machozi ya kutosha kumwagilia kitalu cha mboga. Alijiita funza, alijiita majivu, akapewa mkono, akahamia mbele. Mahindi yakianza kutoa ndevu, alikuwa amerudi nyuma.

"Nasimiyu, habari ya hapa?" alikuwa akisema kila aliporudi kuketi.

"Ni kama ulivyotuacha, papa. Karibu."

Nasimiyu alikuwa ameacha kupika zamani, mdogo wetu wa mwisho alipomaliza shule. Alivunja vyungu yeye mwenyewe. Lakini kutubu alikataa, na bila kutubu hakusogea. Alikaa benchi lile miaka kumi na mmoja. Wakati huo wote Papa Makokha alikuwa akienda na kurudi kama randa.

Halafu mwaka mmoja wa mvua nyingi Nasimiyu aliugua kifua. Alikonda mpaka kitambaa cha kichwa kikawa kikubwa. Mahubiri ya siku zile hayakuwa na maneno mengi: afaye akiwa ametengwa, anafia nje, na huko nje kuna moto. Nilikuwa nimeyasikia tangu ujana nikiitikia amina. Sasa nikaona ni dada yangu anayetajwa. Nilienda kwake nikaketi kando ya kitanda, ambacho nilikitengeneza mimi.

"Nasimiyu, sema tu. Neno moja. Sema unajuta kupika, basi."

"Lakini sijuti."

"Sema hivyo hivyo!"

"Ati nimdanganye Mungu ili anisamehe ukweli?" Akakohoa, akapumzika. "Watoto walikuwa wanalia njaa, Barasa. Walikula wakanyamaza. Nikisema najuta, itakuwa najuta kwamba walinyamaza."

Nikaondoka nikaenda moja kwa moja kwa mchungaji. Alikuwa mtu wetu wa huku huku, mtaratibu, na nilimkuta anakunywa chai.

"Mchungaji, Papa Makokha ametubu mara ngapi?"

"Mimi sihesabu."

"Mimi nahesabu. Mara saba."

"Basi aliyechoka ni wewe. Mungu hajasema kitu."

"Na Nasimiyu akifa leo?"

Aliweka kikombe chini. "Nilivyofundishwa, asiyetubu hana njia."

"Kwa hivyo aliyekunywa anaingia kila akilia, na aliyepika ili watoto wale yuko nje? Hiyo ni haki ya wapi?"

"Mlango uko wazi, Barasa. Yeye ndiye hataki kuingia."

"Mlango ukikataa kufunguka, mchungaji, fundi hamlaumu mgeni. Anaangalia bawaba."

Alisukuma kikombe kando. Nilidhani nimemkasirisha. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Unadhani mimi siiangalii? Usiku na mchana naiangalia." Akanimiminia chai, tukanywa.

Wiki hiyo nilikwenda Kitale kununua bawaba, za kweli, nikapita kwa Fundi Salimu. Alikuwa amezeeka, macho yameanza ukungu, lakini bado alinusa gundi yako akajua kama imeungua. Nikamweleza yote.

"Mimi dini yangu nyingine," alisema. "Ya kwenu siwezi kuyaamua. Lakini nikuulize: hapa kwangu ulikata mbao ngapi ovyo?"

"Nyingi."

"Nilikufukuza?"

"Ulinipa misumari."

"Haya. Makokha wenu ananyoosha misumari. Muache anyooshe, inakuuma nini?"

"Na yule asiyekubali kwamba alikata ovyo?"

Alipapasa ubao uliokuwa mbele yake. "Pengine pale mnapomwonyesha hakukata ovyo. Mmewahi kumwuliza alikata ovyo wapi?"

Hatukuwahi. Kwa miaka kumi na mmoja tulimwuliza juu ya busaa tu. Nilirudi nikamkuta Nasimiyu ameketi nje, anaota jua, amepata nafuu kidogo.

"Acha habari ya kupika," nikamwambia. "Kuna jambo lolote unalojuta kweli?"

Alinitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

"Lipo."

"Lipi?"

"Nitalisema kanisani. Nikikuambia wewe, utanizuia."

Jumapili ile alitembea mwenyewe hadi mbele, akishika mabenchi njiani. Mzee Filemona alifungua daftari kwenye ukurasa uliokuwa umegeuka manjano.

"Kupika busaa," Nasimiyu alisema, "sitasema najuta, maana Mungu ananisikia. Lakini niliiba. Machicha ya jana yaliyobaki chunguni nilikuwa nayachanganya na ya leo, halafu naongeza maji ya moto, tena naongeza. Waliokuja kwangu walilipia busaa wakanywa maji. Hilo limenilalia rohoni miaka yote hii. Kwa hilo naomba msamaha."

Kisha sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Nasimiyu!" Papa Makokha alikuwa amesimama. "Miaka yote ile? Ina maana mimi nimetubu mara saba kwa sababu ya maji ya moto?"

Watu waliangua kicheko, hata watoto wachanga wakaamka. Mchungaji alisubiri kitulie. Nilimwona anauma mdomo.

"Utaratibu ni ule ule," alisema. "Waliodhulumiwa wasimame wampe mkono."

Papa Makokha alikuja, akampa mkono, akanung'unika, akampa na wa pili.

"Mkono wa mtu mmoja hautoshi," mchungaji akaendelea. "Amesema aliwapunja wengi. Wengine wako wapi?"

Hapo nikaona jambo ambalo sijaliona tena. Wanaume wote wa makamo katika kanisa lile waliinua nyuso wakaanza kuichunguza dari. Dari ile niliitengeneza mimi, na haijawahi kukaguliwa kwa uangalifu namna ile.

Nasimiyu aliiona aibu yao, akawahurumia, au labda hakuwahurumia. Mpaka leo sijui.

"Mchungaji, wasisumbuke," alisema. "Mirija yao bado ninayo. Nimeitunza darini kwangu, kila mmoja na alama yake. Jumapili ijayo naweza kuileta hapa, kila mtu aje achukue wake."

Aliyeinuka kwanza alikuwa kiongozi wa kwaya. Akafuata mwenye kukusanya sadaka. Wakaja mmoja mmoja, macho chini, wakampa mkono, nao wake zao wakiwatazama kwa namna ambayo ilikuwa mahubiri tosha. Nilihesabu wanane. Baadaye hakuja mwingine, tukadhani wamekwisha.

Mzee Filemona alifunga daftari. Akaliweka chini polepole, akasogea.

"Wangu una uzi mwekundu," alisema.

"Bado upo, papa."

"Na nilijua ni maji." Akaliangalia daftari pale chini. "Nilijua kabisa. Lakini ningelalamika wapi?"

Akampa mkono. Wewe mwenye haki unayesoma, usicheke sana, maana zamu yangu ndiyo ilifuata. Nilikuwa nimeketi pale nikiwahesabu kama nilivyomhesabu Makokha, nikiona raha, na ghafla nikakumbuka msumeno. Nikasimama. Nikasema mimi sikunywa, lakini nilikula. Nikasema kwamba msumeno uliokata benchi la watengwa ulinunuliwa kwa chungu hicho hicho, na kwamba vifundo vilivyomkaribisha dada yangu siku ya kwanza niliviweka mimi kwa makusudi. Nasimiyu alikuwa na mkono mmoja tu uliobaki na nguvu, akanipa huo.

"Vifundo nilivijua," alisema. "Ulikuwa unaringa sana siku zile."

Ikabaki sheria. Nasimiyu amepewa mkono, basi ni wa mbele. Lakini wanaume wale wamekiri kunywa, basi ni wa nyuma. Mzee Filemona mwenyewe aliliokota daftari, akaandika majina tisa kwa mwandiko wake mzuri, la kwanza likiwa lake, akaongoza safari. Pamoja na Papa Makokha wakawa kumi juu ya benchi la watu sita, wamebanana, wa mwisho ameketi kwa upande mmoja wa makalio.

Dada yangu akaketi benchi la mbele, kando yangu, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na mmoja. Mchungaji akaanza kuomba, na nadhani kila mtu pale alikuwa na machozi. Katikati ya maombi Nasimiyu aliniinamia.

"Barasa, benchi hili nani alilitengeneza?"

"Mimi."

"Nilikuwa nimekukosea nini wakati huo?"

"Mbao zilikuwa mbichi."

Alivumilia sentensi mbili zaidi za maombi. Kisha akainuka, akapita tena katikati ya kanisa zima, mpaka kule nyuma, akasimama mbele ya wale wanaume kumi.

"Sogeeni," alisema.

Wakasogea. Papa Makokha akashuka sakafuni. Na lile benchi, vijana, halikutoa hata mlio.